Muswada wa kupiga marufuku vyombo vya povu: muuza chakula ajipange vipi

Boksi jeupe la chipsi, lile jepesi linalokwaruza meno ukilisugua, litaondoka muswada wa kupiga marufuku vyombo vya povu ukipita. Swali la mama lishe, muuza chipsi na mwenye hoteli ndogo ni moja: likiondoka wali, mchuzi na mayai vitaingia kwenye nini, na kwa bei gani?

Ukingoja muswada upite ndipo uanze kutafuta, umechelewa. Lagos, Nigeria, katazo lilitangazwa Januari 21, 2024 na kuanza palepale. Wauzaji walipolalamika wakapewa wiki tatu za kumaliza mzigo. Zimbabwe kanuni zilikuwapo tangu 2012, zikalala, halafu Julai 2017 zikaamshwa ghafla. Jiji la New York lilikwenda kinyume kabisa: sheria ya 2013, kesi mahakamani, miaka ikapita, katazo likaanza Januari 1, 2019 na faini zikafuata baada ya miezi sita. Kwetu Afrika Mashariki tuna kipimo cha mifuko ya plastiki. Kenya ilichapisha tangazo Februari 28, 2017 na kuanza Agosti 28, miezi sita kamili. Tanzania ilitangaza Aprili 9, 2019 na kuanza Juni 1, chini ya miezi miwili.

Kwa hiyo panga kwa wiki nane. Ukipewa zaidi, hiyo ni nyongeza. Hesabu ya mzigo hapa chini inafuata wiki hizo nane.

Kwanza ujue unachokishika

Povu la vyombo vya chakula karibu lote ni plastiki moja, polistaireni, iliyojazwa hewa mpaka hewa yenyewe inazidi asilimia 90 ya chombo. Lakini inatengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni punje ndogo zilizovimbishwa kwa mvuke na kugandamana ndani ya umbo: boksi la kusafirishia samaki na barafu, kikombe kinene cha kahawa. Ukikivunja, punje zinamwagika. Ya pili ni povu linalosukumwa na mashine kuwa karatasi, kisha likakandamizwa kuwa boksi la chipsi, sahani au trei ya nyama ya supamaketi. Hilo likivunjika halitoi punje, linakatika kama biskuti.

Tofauti hii inaweza kukupeleka mahakamani au kukutoa. Muswada ukitaja "polistaireni iliyovimbishwa" peke yake, mwanasheria wa kiwanda atasema boksi la chipsi halimo. Waandishi wa sheria walioona mbali huziba tundu hilo: Uingereza, katazo lililoanza Oktoba 1, 2023 kwa England linataja povu la kuvimbishwa na la kusukumwa kwa mashine, yote mawili.

Kukagua ulichonacho, geuza chombo uangalie pembetatu yenye namba. Namba 6 au herufi PS ni polistaireni. Usikurupuke hapo, maana vifuniko vigumu vinavyong'aa navyo hubeba namba 6 na si povu. Miswada mingine huviacha. Kama hakuna namba, chukua kipande, toka nje mbali na jiko, udondoshee matone matatu ya dawa ya kufuta rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Polistaireni itanywea na kuwa ute unaonata papo hapo. Karatasi, maboksi ya masalia ya miwa na plastiki namba 5 (polipropilini) hazitafanya hivyo. Jaribio hili lina faida ya ziada: wapo wasambazaji wanaouza povu lilelile kwa jina la "linaoza". Likinywea kwenye asetoni, ni polistaireni, hata lichapwe jani la kijani upande wa juu.

Kusoma muswada bila kupotea

Usianzie ukurasa wa kwanza. Anza na kifungu cha tafsiri, pale maneno yanapopewa maana, kisha ruka hadi jedwali la mwisho. Humo ndimo utakapojua kama umeguswa.

Angalia tafsiri ya "chombo cha chakula". Je, inataja chakula kilichopikwa na kuuzwa tayari tu, au hata nyama mbichi? New York iliziacha trei za nyama, kuku na samaki wabichi, pamoja na vyakula vilivyofungashwa na kuzibwa kabla ya kumfikia muuzaji. Mwenye bucha na mwenye kibanda cha chipsi wanaweza kusoma muswada uleule na kutoka na majibu tofauti. Kwa wanaosafirisha minofu kutoka Mwanza au Kisumu, neno la kutafuta ni "boksi la kupoozea", maana wapo wanaolikataza na wapo wanaoliacha.

Halafu angalia nani anakatazwa. Kutengeneza, kuagiza, kuuza, kugawa, kutumia, kumiliki: kila neno lina uzito wake. Muswada unaokataza "kugawa" unakushika wewe unayempa mteja boksi bure. Unaokataza "kumiliki" unashika hadi mzigo ulio stoo.

Kinachofuata ni tarehe ya kuanza na kama kuna muda wa kumaliza mzigo. Hizo ni tarehe mbili, na watu huzichanganya. Ukiona maneno "itaanza kutumika tarehe atakayoitaja Waziri", maana yake hakuna tarehe. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa wiki ijayo.

Mwisho tazama tafsiri ya neno "plastiki" lenyewe. Hapa ndipo wengi hununua kibadala kinachokatazwa nacho. Umoja wa Ulaya, ambao sheria yake ya 2019 iliviondoa vyombo vya povu sokoni kuanzia Julai 3, 2021, unahesabu karatasi iliyopakwa utando wa plastiki kuwa ni plastiki. Kenya wafanyabiashara walihamia mifuko laini ya kitambaa cha polipropilini baada ya 2017, na kufika 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikaitangazia marufuku mifuko hiyo nayo. Kabla ya kuagiza katoni 50 za kibadala, hakikisha hakimo kwenye jedwali.

Jambo moja kwa wasomaji wa Tanzania. Si lazima katazo lije kama muswada bungeni. Mifuko ya plastiki ilikatazwa kwa kanuni za Waziri, Tangazo la Serikali Na. 394 la 2019, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kwa hiyo anayefuatilia Bunge peke yake anaweza kupitwa. Fuatilia na Gazeti la Serikali, pamoja na matangazo ya NEMC, baraza la mazingira la Tanzania.

Chakula kwanza, chombo baadaye

Kosa kubwa ni kutafuta chombo kimoja cha kuchukua nafasi ya povu kwa kila kitu. Povu lilikuzoesha vibaya: halivuji, linashika joto, halichuruziki maji ya mvuke kirahisi, na ni rahisi. Hakuna kibadala kinachofanya yote hayo kwa bei ile. Kila chakula kina adui yake, na adui huyo ndiye anayechagua chombo.

Chipsi na chipsi mayai. Adui ni mvuke, mafuta yanafuata. Mafuta ya kukaangia huwa nyuzi 170 hadi 180, na polistaireni hulegea ikikaribia nyuzi 100. Ndiyo maana chipsi za moja kwa moja kutoka kwenye karai hutoboa povu. Kwenye boksi la karatasi hazitoboi, lakini zinalowa. Zimwage kwenye chekeche la waya, zitikise, ziache dakika moja hadi mbili mvuke wa kwanza utoke. Tandika karatasi isiyopitisha mafuta ndani ya boksi. Toboa matundu manne ya milimita tano kwenye kifuniko kama boksi halikuja nayo. Kachumbari na tomato sosi viwe pembeni, kwenye kikopo kidogo au kifungu cha karatasi. Kachumbari juu ya chipsi ndani ya karatasi inalainisha kitako kabla bodaboda hajafika. Chipsi mayai ni nafuu kidogo kwa sababu yai linaziba, lakini likunje likiwa limeiva mpaka katikati, maana ute wa yai bichi hupenya kwenye mikunjo ya boksi.

Wali maharage, wali nyama, pilau. Trei ya foili ya mililita 750 yenye kifuniko cha kadibodi ndiyo inayotumika zaidi, na inafaa. Shida zake ni mbili. Foili inapitisha joto, kwa hiyo chakula kinapoa haraka na kiganja cha mteja kinaungua. Mpe mfuko wa karatasi wa kushikia. Na watu wenye haraka hukunja kingo za pande mbili tu. Kunja zote nne, ukianzia pembeni, na acha sentimita moja kati ya mchuzi na ukingo. Mchuzi ukigusa kadibodi, kadibodi inakunywa.

Foili haipendani na uchachu. Mchuzi wenye nyanya nyingi, ndimu, ukwaju au achari ukikaa humo usiku kucha unaila, utaona vidoa vya kijivu na vitundu. Kwa chakula cha kuliwa ndani ya saa moja au mbili hakuna neno. Anayenunua leo ale kesho, mwambie ahamishie kwenye bakuli.

Biriani igawanye. Wali uende kwenye boksi la masalia ya miwa au foili, rosti kwenye kikopo chenye kifuniko cha kubana. Ukiimwagia rosti juu, mafuta yake mazito yatapenya karibu kila karatasi utakayoijaribu.

Urojo na supu ni kipimo kigumu kuliko vyote: moto, maji, na urojo una uchachu juu yake. Karatasi ya kawaida inashindwa, foili haifungi. Kilichobaki ni bakuli la plastiki ngumu namba 5 lenye kifuniko cha kubana, au chombo cha mteja mwenyewe. Namba 5 inavumilia maji yanayochemka, na mteja akiiosha ataitumia tena nyumbani mara nyingi. Lakini ni plastiki, na muswada mwingine unaweza kuja kuifuata. Usiifanye msingi wa biashara nzima.

Ugali unatoa jasho. Uache wazi dakika tatu kabla ya kuufunga. Jani la mgomba linafaa kuliko boksi lolote: kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, toa uti wa katikati, futa kwa kitambaa safi chenye unyevu, lipitishe juu ya moto sekunde chache mpaka rangi ikolee na ling'ae. Jani lisilopitishwa motoni linapasuka kwenye mkunjo. Waganda wanapikia luwombo ndani ya majani hayohayo, kwa hiyo joto si tatizo. Tatizo ni kupata majani safi kila siku mjini, na mchuzi usiweke humo.

Mishkaki, nyama choma, mihogo ya kukaanga: karatasi isiyopitisha mafuta ndani, mfuko wa karatasi nje. Gazeti hapana. Wino wake unahamia kwenye mafuta ya moto, na kurudi kwenye gazeti kwa sababu povu limekatazwa ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Chai na uji, rudi kwenye vikombe vya kuosha kwa wanaokaa. Kwa wanaoondoka, kikombe cha karatasi kinahitaji utando ndani, la sivyo kinalegea. Uliza utando huo ni wa nini kwa sababu ya ile tafsiri ya "plastiki". Na kwa anayebaki na vikombe vya povu hadi siku ya mwisho: usitie ganda la limau wala chungwa ndani. Mafuta ya ganda yanayeyusha polistaireni. Minya ganda juu ya kikombe kitupu utaona kinavyoyeyuka.

Vitu ambavyo msambazaji hakuambii

Masalia ya miwa, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamuliwa, yanatoa maboksi mazuri, magumu, yanayostahimili chakula cha moto. Lakini maboksi hayo yanatoa unyevu chini: chakula cha moto kikikaa muda mrefu, meza inalowa na kitako kinalegea. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kuna la ziada, unyevu wa hewa. Pakiti ikifunguliwa na kuachwa stoo, maboksi yanapinda na vifuniko havifungi. Yakipata maji, yanaota ukungu. Yaweke sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta, fungua pakiti moja kwa wakati.

Uliza pia kama yametiwa kemikali za jamii ya PFAS. Hizi ni dawa zenye florini za kuzuia mafuta kupenya, zinazokaa kwenye mazingira na mwilini kwa muda mrefu mno. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Februari 2024 kwamba dawa za aina hiyo za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya karatasi haziuzwi tena katika soko lao. Msambazaji mwenye karatasi za maabara atakuonyesha. Asiye nazo atakuambia "ni asili tupu".

Ile plastiki inayoitwa ya mahindi, PLA, inang'aa na inapendeza. Inalegea kwenye nyuzi kama 60. Juisi ya miwa na matunda yaliyokatwa, sawa. Wali wa moto, utaona boksi linajikunja mbele ya mteja. Na haiozi mtaroni: inahitaji joto la kiwanda cha mboji.

Jaribio la dakika arobaini

Usinunue katoni kwa sampuli ya kuishika mkononi. Omba vipande kumi vya kila aina, kisha fanya hivi kwa chakula chako halisi, kipimo chako halisi, saa yako ya kawaida ya mchana.

1. Jaza vitano, vifunge, viandike saa kwa kalamu. Vipange vinne kimoja juu ya kingine, cha tano kiache peke yake, vyote juu ya karatasi nyeupe.
2. Baada ya dakika 20 vitoe. Angalia karatasi kama ina doa la mafuta au maji, na kama cha chini kimebonyea.
3. Chukua viwili, vitie kwenye mfuko, mpe dereva wa bodaboda azunguke dakika 15 kwenye barabara mbovu unayoijua. Akirudi usimuulize, fungua mwenyewe.
4. Dakika ya 40 onja. Chipsi zimelainika? Wali una harufu ya karatasi? Kifuniko kinadondosha maji?
5. Vitano vilivyobaki vijaze maji ya moto mililita 300, viinamishe upande, hesabu vinavyovuja. Kikivuja kimoja kati ya vitano, hicho ni cha chakula kikavu tu.

Andika matokeo kwenye daftari pamoja na jina la bidhaa na unene wake. Msambazaji akibadilisha kiwanda bila kukuambia, jambo ambalo hutokea, daftari ndilo litakalokuonyesha kwamba boksi la leo si la mwezi jana.

Joto nalo lipime. Povu lilikuwa linakuhifadhia chakula. Foili na karatasi havifanyi hivyo. Chakula kilichopikwa kisikae chini ya nyuzi 60 kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa. Kwa oda za mbali, nunua begi moja la kutunzia joto kwa kila bodaboda badala ya kutafuta joto ndani ya boksi. Begi unalinunua mara moja, boksi kila siku.

Hesabu

Tuseme unauza sahani 60 kwa siku, siku sita kwa wiki. Wiki nane ni siku 48, kwa hiyo utatumia maboksi 2,880. Huo ndio ukomo: kamwe usiwe na mzigo unaozidi hapo, na muswada ukishasomwa mara ya kwanza, shuka hadi wiki nne, yaani 1,440. Bei ya jumla inayokuvutia kununua maboksi 10,000 ni mtego; yakikatazwa yakiwa stoo, punguzo lote limekwenda.

Upande wa gharama, chukua mfano kwamba kibadala kinazidi povu kwa shilingi 120 kwa kimoja. Kwa mwezi wa siku 26, maboksi 60 kwa siku ni shilingi 187,200 za ziada. Kabla ya kupandisha bei ya sahani, kaa siku tatu uhesabu wangapi wanakula palepale kwenye benchi lakini wanapewa boksi kwa sababu ndiyo mazoea. Wakiwa 20 kati ya 60, wape sahani, na ziada inashuka hadi 124,800. Hakuna kibadala kitakachokuokolea pesa kama kutotoa boksi kabisa.

Anayekuja na hotpoti au bakuli lake, mpunguzie kiasi cha bei ya boksi, na bango lisomeke wazi: "Ukija na chombo chako, tunakupunguzia." Mpimie kwa upawa uleule unaotumia kwa wengine, kwa sababu mteja mwenye bakuli kubwa hudhani amepunjwa hata kama kipimo ni sawa. Chombo chake kisivuke kuingia jikoni. Pakua ukiwa kaunta, upawa usiguse ukingo.

Sahani za kuosha zinahitaji nafasi kuliko pesa. Hesabu watu wa saa ya kilele, tuseme 12 kwa pamoja, nunua mara mbili yake, 24. Beseni tatu: la sabuni na maji moto, la kusuuza, la dawa. Kwenye la dawa tia kijiko kimoja na nusu cha mezani cha jiki ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa lita 10 za maji baridi. Zamisha dakika moja, panga wima zikauke zenyewe. Kitambaa cha kufutia kinarudisha uchafu uliokwisha kuuondoa. Maji ya dawa yakichafuka, badilisha; mabaki ya chakula yanaimaliza nguvu klorini.

Mzigo uliobaki

Zungumza na msambazaji sasa, kabla ya katazo, mwandikiane kwamba atapokea pakiti zisizofunguliwa. Baada ya katazo naye atakuwa anatafuta pa kuzitupa. Usimuuzie muuzaji wa kijijini kwa bei ya kutupa: kama muswada unakataza kuuza, umejitia hatiani wewe na yeye.

Kuchoma hapana. Polistaireni ikiungua inatoa moshi mweusi mzito wenye masizi na staireni, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2018 liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kurejeleza kunawezekana kwa povu safi na kavu, lakini lililopakaa mchuzi halipokelewi, na gari lililojaa povu linabeba hewa. Ndiyo sababu ile hoja ya "tusikataze, turejeleze" imeshindwa mahali pengi: gharama ya kulisafirisha inazidi thamani yake.

Kutoa maoni yanayosomwa

Kenya, Katiba ibara ya 118 inalitaka Bunge kushirikisha umma, na kamati hutoa tangazo lenye tarehe ya mwisho ya kupokea maandishi. Tanzania, kamati ya Bunge inayopewa muswada huita wadau kutoa maoni. Barua ya kurasa sita yenye malalamiko inawekwa pembeni. Ukurasa mmoja wenye kifungu unasomwa.

Andika namba ya kifungu, maneno yalivyo, maneno unayopendekeza, na sababu yenye tarakimu zako. Usiombe katazo lifutwe, omba mpangilio. La maana kuliko yote kwa muuza chakula ni kwamba waagizaji na viwanda watangulie kukatazwa, wauzaji wafuate. Ukikatazwa wewe leo wakati maduka ya jumla bado yanauza, askari atakuwa kwako na povu litakuwa sokoni. Mfano wa maneno: "Kifungu hiki kitaanza kutumika miezi sita baada ya kuchapishwa kwa watengenezaji na waagizaji, na miezi tisa kwa wauzaji wa chakula." Kama utaulizwa wapi wamefanya kwa awamu, itaje Virginia, Marekani: wenye matawi 20 au zaidi walianza Julai 1, 2025, wengine wote wakapewa hadi Julai 1, 2026.

Ambatanisha ukurasa wa daftari lako la majaribio, wenye bei na vilivyovuja. Wabunge wengi hawajawahi kuona karatasi ya aina hiyo kutoka kwa mama lishe. Mkiwa kumi mnaouza mtaa mmoja, wekeni saini kumi kwenye barua moja, kila mmoja na idadi ya sahani anazouza kwa siku. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo.